Hadithi za kale za Ireland: Kutoka kando ya moto hadi kwenye meza ya baa

Mgeni anayezuru Ireland kwa mara ya kwanza hutamani kuketi angalau usiku mmoja katika baa ya kijijini na kumsikia mzee akisimulia habari za majitu, mashujaa na vibwengo. Wengi hudhani hadithi hizo zilizaliwa humo humo baa. Ukweli ni kwamba zilikulia majumbani, zikahamia baa zilipokosa pa kukaa, na sasa baa zenyewe zinafungwa moja baada ya nyingine. Makala hii inaeleza jinsi hadithi hizo zilivyosafiri, nani alizitunza, na kwa nini mustakabali wake unawatia wasiwasi wanaozipenda.

Mzee aliyeusimulia ukuta

Mwaka 1923, msomi kijana aliyeitwa Séamus Ó Duilearga alifika katika kijiji cha Cill Rialaig, kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Huko alikutana na Seán Ó Conaill, mkulima na mvuvi aliyekuwa na umri wa miaka 70. Mzee huyo hakujua kusoma wala kuandika, na lugha yake ilikuwa Kiairishi peke yake. Lakini kichwani alikuwa amehifadhi hazina kubwa ya hadithi, baadhi zikiwa ndefu kiasi cha kumaliza sehemu kubwa ya usiku.

Kilichompungukia Ó Conaill ni wasikilizaji. Mikusanyiko ya usiku ilikuwa imepungua kijijini, na Kiingereza kilikuwa kikichukua nafasi ya Kiairishi midomoni mwa watu. Kwa kuogopa kuzisahau hadithi zake, mzee alizisimulia akiwa peke yake. Mwanawe alimweleza Ó Duilearga kwamba aliwahi kumwona baba yake akichunga ng'ombe huku akiusimulia ukuta wa mawe, akirusha mikono na kukaza sauti kana kwamba mbele yake kumejaa watu. Akirudi kutoka sokoni, alitembea polepole nyuma ya gari lake la farasi na kulisimulia gari hilo njia nzima ya mlimani.

Ó Conaill alifariki mwaka 1931. Kwa bahati nzuri, Ó Duilearga alikuwa amekwisha kuziandika hadithi zake, na mwaka 1948 alizichapisha katika kitabu. Lakini kisa cha mzee na ukuta kinabaki kuwa njia nyepesi ya kuelewa historia nzima ya hadithi za Ireland. Hadithi ya mdomo inahitaji fanani na hadhira. Kila hadhira ilipotawanyika, hadithi ililazimika kutafuta mahali pengine pa kusikilizwa.

Seanchaí ni nani?

Kwa Kiairishi, mtu anayetunza habari za kale huitwa seanchaí, neno linalotamkwa karibu na "shanakhii". Ndani yake mna neno sean, maana yake "-zee" au "-a kale". Seanchaí hujua nasaba za familia za eneo lake, asili ya majina ya mito na vilima, visa vya mizimu, tiba za mitishamba na migogoro ya mashamba ya miaka mia iliyopita. Wataalamu humtofautisha na scéalaí, yaani msimulizi wa hadithi ndefu za mashujaa, ingawa mara nyingi mtu mmoja aliweza kufanya kazi zote mbili.

Asili ya watu hawa ni ya heshima kubwa. Katika Ireland ya kale, kabla ya nchi hiyo kutawaliwa kikamilifu na Uingereza, kila mtawala mkubwa aliwaweka washairi na watunza historia katika himaya yake. Walisomea kazi hiyo kwa miaka mingi. Mshairi wa daraja la juu kabisa, aliyeitwa ollamh, alitakiwa kujua hadithi 350, kwa mujibu wa kitabu cha mkono kilichoandikwa karne ya 12 na kinachojulikana kama Kitabu cha Leinster.

Mfumo huo ulivunjika karne ya 17. Watawala wa Kigaeli walishindwa na majeshi ya Uingereza katika vita vya Kinsale mwaka 1601, na mwaka 1607 wakuu wa kaskazini wakakimbilia Ulaya bara. Washairi wakabaki bila wa kuwalipa. Hadithi zilizokuwa zikisimuliwa mbele ya wakuu zikashuka hadi kwenye vibanda vya wakulima maskini. Huo ulikuwa uhamisho wao wa kwanza.

Nyumba iliyokuwa wazi kwa kila mtu

Kwa zaidi ya miaka mia mbili, makao ya hadithi yakawa nyumba ya kawaida ya kijijini. Katika kila eneo palikuwa na nyumba moja au mbili zilizojulikana kuwa mlango wake hufunguliwa usiku kwa majirani wote. Hakuna aliyealikwa. Watu waliingia tu, wakaketi kuzunguka moto uliowashwa kwa vipande vya udongo wa kinamasi vilivyokaushwa, na mazungumzo yakaanza.

Msimu wa hadithi ulianza karibu na sikukuu ya Samhain, usiku wa kuamkia Novemba 1, wakati mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani na giza linaingia mapema. Uliendelea hadi majira ya kuchipua, kazi za shamba ziliporudi. Kuna msemo wa Kiairishi unaoeleza adabu ya usiku huo: hadithi ya kwanza ni ya mwenye nyumba, na zile za kukesha hadi alfajiri ni za mgeni. Ndiyo maana fundi cherehani aliyezunguka vijijini na ombaomba msafiri walipokewa vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: chakula na pahala pa kulala vililipwa kwa habari na hadithi kutoka mbali.

Hadithi nyingi zilianza kwa maneno "Fadó, fadó", yaani "hapo zamani za kale". Msimulizi hakusoma popote. Alitegemea mifupa ya kisa, vifungu vilivyokaririwa neno kwa neno, kama vile maelezo ya shujaa akijivika silaha au ya mashua ikipasua mawimbi, na uwezo wake wa kusoma nyuso za waliomzunguka. Msikilizaji aliyesinzia alikuwa ishara ya kuongeza kasi au kufupisha.

Jitu lililovalishwa nguo za mtoto

Hadithi zenyewe ni za aina nyingi. Kuna zile za mashujaa, kama Cú Chulainn, kijana aliyelinda kaskazini mwa nchi peke yake dhidi ya jeshi la malkia Medb. Chanzo cha vita hivyo ni fahali mmoja ambaye malkia alimtaka ili asizidiwe utajiri na mumewe.

Kuna pia hadithi za Fionn mac Cumhaill, ambazo bado zinapendwa sana baa kwa sababu zina kicheko. Inayojulikana zaidi inahusu mahali panapoitwa Giant's Causeway, katika pwani ya Antrim, Ireland ya Kaskazini, ambako nguzo za mawe zipatazo 40,000 zimesimama zikishikana kama zimepangwa na fundi. Wanajiolojia wanasema zilitokana na lava iliyopoa takriban miaka milioni 60 iliyopita. Hadithi inasema Fionn, akiwa jitu, alijenga njia ya mawe baharini ili akapigane na jitu la Scotland lililoitwa Benandonner.

Fionn alipomwona mpinzani wake akija, aligundua ni mkubwa kuliko alivyodhani, akakimbilia nyumbani. Mkewe, Oonagh, hakubabaika. Alimvalisha mumewe nguo za mtoto mchanga na kumlaza kwenye susu. Benandonner alipobisha hodi, alikaribishwa kwa heshima na kuambiwa Fionn ametoka, lakini anaweza kumsubiri karibu na mtoto wake aliyelala. Jitu la Scotland likachungulia kwenye susu na kupiga hesabu: kama mtoto ni mkubwa hivi, baba yake yukoje? Likatoka mbio na kuibomoa njia nyuma yake ili asifuatwe. Ndiyo maana leo zimebaki ncha mbili tu za njia hiyo, moja Ireland na nyingine kisiwani Staffa, Scotland.

Msimulizi hodari huichukua hadithi hii ya dakika tatu na kuifanya ya dakika 20. Oonagh anayesimuliwa Kerry ana ulimi mkali kuliko anayesimuliwa Dublin, na majina ya wanywaji waliopo huingizwa humo bila taarifa.

"Watu wema" na mti uliosababisha barabara kubadilishwa

Kundi lingine la hadithi halichekeshi sana. Ni zile za sídhe, neno linalotamkwa "shii", viumbe wasioonekana ambao kwa kiasi fulani wanakaribia vibwengo au majini. Hawafanani na vibwengo wadogo wenye mabawa wa katuni. Katika imani ya wazee, wana ukubwa wa binadamu, wana vita na sherehe zao, na wanaishi ndani ya vilima vya duara vya kale vinavyoonekana mashambani kote. Watu waliogopa kuwataja kwa jina, hivyo waliwaita "watu wema" au "kundi lile lingine".

Mwaka 1999, imani hii iligongana na mipango ya serikali. Barabara kuu mpya ilitarajiwa kupita Latoon, kaunti ya Clare, palipokuwa na mti mmoja wa miiba. Eddie Lenihan, msimulizi na mkusanyaji wa hadithi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwarekodi wazee wa eneo hilo, alipinga hadharani. Alieleza kwamba kwa mujibu wa wazee, mti huo ni mahali wanapokutana sídhe wa jimbo la Munster wanapokwenda kupigana na wenzao wa Connacht, na kwamba kuukata kungeleta maafa kwa watakaoitumia barabara. Habari hiyo ilizunguka dunia. Mwishowe wahandisi walirekebisha mpango, na mti ukabaki kando ya barabara ukiwa umezungushiwa uzio.

Wapo waliocheka. Lakini kwa wengine lilikuwa jambo la heshima kwa yale ambayo wazee wao waliyaona kuwa na maana. Waairishi wengi ukiwauliza kama wanaamini habari za sídhe watakuambia hapana, kisha watakuambia pia kwamba wao binafsi wasingeukata mti huo.

Ni muhimu kukumbuka kwamba imani hizi ziliwahi kuwa na upande wa giza. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, kaunti ya Tipperary, mwanamke wa miaka 26, Bridget Cleary, aliugua. Mumewe, Michael, alidai kwamba mkewe halisi amechukuliwa na sídhe na aliyemo ndani ni mwingine aliyeachwa mahali pake. Bridget aliteswa mbele ya ndugu na majirani, kisha akafa kwa kuchomwa moto. Mume alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kufungwa. Wasimulizi makini wa leo hawakifichi kisa hiki. Wanakitumia kueleza kwamba hadithi ni jambo lenye nguvu, na nguvu inaweza kutumiwa vibaya.

Mbio za kuokoa kilichobaki

Njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi na kuzidishwa na sera za watawala, iliua takriban watu milioni moja na kuwalazimisha wengine kama milioni moja kuhama. Walioumia zaidi ni maskini wa magharibi, ambao ndio waliokuwa wazungumzaji wa Kiairishi na watunzaji wa hadithi. Baada ya hapo wazazi wengi waliamua kuwalea watoto kwa Kiingereza, lugha ya ajira na ya safari ya Marekani.

Mwaka 1935, serikali ya Ireland huru iliunda Tume ya Ngano ya Ireland na kumteua Séamus Ó Duilearga, yule yule aliyemwandika mzee Ó Conaill, kuwa mkurugenzi. Wakusanyaji walipelekwa vijijini, wengi wao kwa baiskeli, wakiwa na mashine ya kurekodia iitwayo Ediphone iliyokuwa na uzito wa kilo zipatazo 25. Sauti ilichorwa kwenye silinda za nta. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, maneno yalipokwisha kunakiliwa kwa mkono, silinda ilikwanguliwa na kutumiwa tena. Hivyo maneno ya wasimulizi wengi yamehifadhiwa, lakini sauti zao zimepotea.

Kazi iliyoshangaza zaidi ilifanywa na watoto. Kati ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 waliagizwa kwenda kuwauliza wazazi, babu, bibi na majirani kuhusu hadithi, tiba, michezo, methali na mila, na kuandika majibu kwenye madaftari. Mkusanyiko huo una kurasa takriban 740,000. Leo unahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin, UCD, na sehemu kubwa inaweza kusomwa bure kwenye intaneti. Mjukuu anaweza kuandika jina la kijiji na kukuta mwandiko wa bibi yake akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 2017, UNESCO iliuweka mkusanyiko wa Tume hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Lakini si kila mtu aliyefurahia hadithi za wazee. Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu cha mazungumzo ya fundi cherehani mzee wa kaunti ya Cork, Tim Buckley, na mkewe Anastasia. Nyumba yao ilikuwa maarufu kwa wageni na hadithi, nyingine zikitaja mambo ya wanyama na ya ndoa bila kuzunguka, kama wakulima wanavyozungumza. Bodi ya udhibiti ilikipiga marufuku kitabu hicho. Mapadri watatu wakafika nyumbani kwa mzee huyo na kumlazimisha aitupe nakala yake motoni, katika moto ule ule ambao kwa miaka mingi watu walikuwa wakiuzunguka kumsikiliza.

Kwa nini hadithi zikahamia baa?

Katikati ya karne ya 20 mambo kadhaa yalitokea kwa mfululizo. Sheria ya mwaka 1935 ilitaka dansi za hadhara zipate kibali, na katika maeneo mengi polisi na mapadri waliitumia kuzima hata dansi za majumbani. Nyumba zilizokuwa zikijaa watu zikaanza kunyamaza. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kupeleka umeme vijijini. Wazee wengi walisema kwa utani kwamba balbu ndiyo iliyofukuza mizimu, na utani huo ulikuwa na ukweli: kisa cha kutisha kinahitaji kona yenye giza. Katika miaka ya 1950, watu wapatao 400,000 waliondoka nchini kutafuta kazi, wengi wakienda Uingereza. Kisha usiku wa Desemba 31, 1961, televisheni ya taifa ikaanza kurusha matangazo, na viti vikageuzwa kutoka kwenye moto kuelekea kwenye kioo.

Wakati huo baa ya kijijini ilikuwa tayari zaidi ya mahali pa kunywea. Mara nyingi ilikuwa duka la vyakula upande mmoja na kaunta ya bia upande wa pili. Mwenye baa aliweza pia kuwa ndiye anayeshughulikia mazishi, na mjini Fethard, Tipperary, baa ya namna hiyo ipo hadi leo. Watu walipokosa nyumba ya kukutana, hapo ndipo palipobaki mlango wazi na moto unaowaka.

Wahamiaji nao walichangia. Huko London, vibarua wa Kiairishi waliopanga vyumba vidogo visivyo na nafasi ya wageni walianza kupiga muziki wa nyumbani katika baa mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1951 wanamuziki waliunda chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann nchini Ireland, na matamasha yake yakaeneza mtindo wa watu kuketi kwenye kona ya baa na kupiga pamoja. Hadithi zikaingia kupitia mlango huo huo, kati ya wimbo na wimbo.

Redio ilikuwa daraja jingine. Eamon Kelly, fundi seremala kutoka Kerry aliyezaliwa mwaka 1914 katika nyumba iliyokuwa kituo cha wapita njia na wasimulizi, alipata umaarufu akisimulia hadithi redioni na baadaye jukwaani hadi alipofariki mwaka 2001. Kwa wasikilizaji wengi wa mijini, sauti yake ndiyo iliyokuwa seanchaí wa kwanza waliyemjua. Tangu mwaka 1972, kituo cha Raidió na Gaeltachta kimekuwa kikitangaza kwa Kiairishi na kuwapa wazee wa magharibi mahali pa kusikika.

Usiku wa hadithi huendaje?

Katika baa ya kawaida ya kijijini, hakuna tangazo wala jukwaa. Wanamuziki hukaa kona moja. Wimbo ukiisha, mtu mmoja huitwa kwa jina. Atajifanya hataki, atadai amesahau, atabembelezwa, kisha ataanza. Anayepiga kelele hunyamazishwa na wenzake, wala si na msimulizi. Kuna desturi kwamba aliyemaliza kuimba au kusimulia ana haki ya kumteua anayefuata, na kukataa uteuzi huo ni utovu wa adabu. Kwa njia hiyo usiku mmoja unaweza kuwa na wimbo wa kale usio na ala, shairi la kuchekesha, kisa cha mzimu na uvumi wa kijiji, vyote kutoka kwa watu ambao hawakutarajia kutumbuiza.

Mijini hali ni tofauti. Huko Dublin, baa ya Brazen Head, inayodai kuwapo tangu mwaka 1198 ingawa jengo lake la sasa ni la karne ya 18, ina usiku wa chakula na hadithi ambao mgeni hununua tiketi. Wapo wanaoyaona maonyesho haya kuwa biashara ya watalii. Wengine wanajibu kwamba hata mshairi wa kale alilipwa na mtawala wake, na kwamba afadhali msimulizi anayelipwa kuliko anayeusimulia ukuta.

Jambo moja lililopotea katika kuhama huku ni sauti za wanawake. Kando ya moto wa nyumbani, mwanamke alikuwa msimulizi kamili. Peig Sayers wa kisiwa cha Great Blasket, aliyeishi mwaka 1873 hadi 1958, alirekodiwa mamia ya hadithi na wakusanyaji na anahesabiwa miongoni mwa fanani wakubwa wa Ulaya. Baa ilikuwa uwanja wa wanaume. Hadi miaka ya 1960 na 1970, mwanamke aliyeingia mara nyingi alielekezwa kwenye kijichumba kilichozibwa pembeni, na baadhi ya baa zilikataa kumuuzia bia ya glasi kubwa. Sheria ya usawa ya mwaka 2000 ilikataza ubaguzi wa namna hiyo, na sasa wasimulizi wengi mashuhuri ni wanawake. Lakini kuna kizazi kizima ambacho hadithi za akina mama hazikuvuka nao kutoka jikoni hadi baa.

Na baa zikifungwa?

Kwa mujibu wa takwimu zilizotolewa na wadau wa sekta ya vinywaji, idadi ya baa Ireland ilishuka kutoka takriban 8,600 mwaka 2005 hadi karibu 6,700 mwaka 2022. Vijiji ndivyo vilivyoumia, Dublin ikiguswa kidogo tu. Sababu zinazotajwa ni nyingi: sheria kali dhidi ya kuendesha gari ukiwa umelewa, ambazo zimeokoa maisha lakini zimemwacha mzee wa shambani bila usafiri wa kurudi nyumbani, bia ya bei nafuu katika maduka makubwa, vijana kuhamia mijini, na watoto wa wenye baa kutotaka kazi ya saa nyingi. Janga la COVID-19 lilizidisha hali, kwani baa zisizouza chakula zilifungwa kwa miezi sita mfululizo mwaka 2020.

Hakuna anayesema watu wanywe zaidi ili hadithi zipone. Ulevi umeziumiza familia nyingi za Ireland, na hilo halifichwi. Hoja ya watetezi wa hadithi ni kwamba kijiji kinahitaji mahali ambapo mtu anaingia bila kualikwa, kama ilivyokuwa nyumba ya zamani. Ndiyo maana wanajaribu njia nyingine. Kisiwani Cape Clear, kusini mwa Cork, tamasha la kimataifa la hadithi limekuwa likifanyika tangu mwaka 1994. Mwaka 2003 wasimulizi waliunda chama chao, Aos Scéal Éireann. Maktaba na shule huwaalika, na katika baadhi ya vijiji majirani wamefufua usiku wa nyumba ya wazi, wakikutana kwenye ukumbi wa kijiji kwa chai na mkate.

Lugha yenyewe ni sehemu ya wasiwasi huo. Katika sensa ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.87 walisema wanakijua Kiairishi, lakini wanaokitumia kila siku nje ya shule ni takriban 72,000 tu. Hadithi inaweza kutafsiriwa, na nyingi zimetafsiriwa vizuri. Vile vifungu vilivyokaririwa kwa mpigo wa ulimi ndivyo vigumu kuvihamisha.

Tofauti na wakati wa mzee Ó Conaill, leo maandishi hayako hatarini. Yamo kwenye rafu na kwenye kompyuta, kurasa kwa mamia ya maelfu, na anayetaka kuisoma hadithi ya jitu lililolala kwenye susu ataipata kwa dakika moja. Kinachoamuliwa sasa, katika kila kijiji ambacho baa yake ya mwisho imebandikwa tangazo la kuuzwa, ni kama patabaki mahali ambapo jirani anaweza kuitwa kwa jina, akajifanya amesahau, kisha akaanza kusimulia.